Tiketi, Risiti na Sauti ya Mlaji: Nafasi Yetu Bunge Linapopitia Sheria za Ziwa, Uvuvi na Wanyamapori

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa Kata ya Buhongwa, Jiji la Mwanza



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kutusikiliza. Tunatambua kwamba wengi mmefunga meza za biashara ili kufika hapa, na kwamba mteja wa asubuhi akipita hasubiri. Kwa hiyo tutasema lile tulilokuja kulisema, kisha tutawaachia nafasi ya kuuliza.

Kwa nini tuzungumzie ziwa hapa Buhongwa

Buhongwa iko kandokando ya barabara kuu iendayo Usagara na Shinyanga, na mtu akisimama sokoni hapa haoni mawimbi. Hata hivyo, sato, sangara na dagaa tunaowanunua jioni wametoka ziwani. Ndugu zetu wako Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome na Goziba. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025 na limempunguzia msafiri wa Sengerema na Geita adha ya kusubiri kivuko. Lakini anayekwenda visiwani bado hana njia ila chombo cha majini.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 69,000. Karibu nusu yake iko Tanzania, asilimia 43 Uganda na asilimia 6 Kenya. Mambo matatu yanayotugusa kutokana na ziwa hilo na nchi inayolizunguka yana sheria zake. Vyombo vinaongozwa na Sheria ya Usafiri Majini ya mwaka 2003. Samaki wanaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Nyama ya porini iko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Chini ya kila sheria zipo kanuni ambazo Waziri mwenye dhamana huzitunga na kuzibadilisha kadiri mahitaji yanavyobadilika.

Sheria hizi hupitiwa. Waheshimiwa Wabunge huzijadili, huzirekebisha, huhoji utekelezaji wake na huishauri Serikali. Katika kazi hiyo wanatumia taarifa zilizopo mezani: takwimu, ripoti, malalamiko yaliyosajiliwa na maoni yaliyoandikwa. Hapo ndipo ulipo ujumbe wetu wa leo. Mlaji aliyesafiri bila tiketi, akanunua bila risiti na akalalamika kwa mdomo tu, hayumo katika taarifa hizo. Ameumia kweli, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba ameumia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaomba tuongeze kwamba haki nayo ni mali.

Abiria ambaye hakuandikwa

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Baadhi ya waliofariki walizikwa Igoma, katika jiji letu hili, na makaburi yao yapo hadi leo. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa.

Tunaomba tulitafakari jambo hili. Waliolipa nauli kubwa waliandikwa. Waliolipa nauli ndogo, ambao ndio wengi, hawakuandikwa. Haikuwapo karatasi ambayo mama aliyempoteza mwanawe wa daraja la tatu angeweza kuifungua na kulitafuta jina lake. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliofariki hutajwa kwa namna tofauti, wengine wakisema zaidi ya 800 na wengine wakikaribia 1,000. Watu zaidi ya mia moja wamo katika tofauti hiyo.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Robert Kisanga. Katika miaka iliyofuata zilitungwa sheria kadhaa: mwaka 2001 ilitungwa Sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri wa Nchi Kavu na Majini, yaani SUMATRA, mwaka 2003 Sheria ya Usafiri Majini, na mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria. Mwaka 2017 ikatungwa sheria iliyoanzisha Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ambalo ndilo sasa linalosimamia usalama wa vyombo vya majini.

Pamoja na hayo, tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa katika safari ya kutoka Bugolora kwenda Ukara, wilayani Ukerewe, hatua chache kabla ya kufika gatini. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba abiria 101. Waliofariki walizidi 220. Kwa mara nyingine, idadi kamili ya waliokuwamo haikufahamika siku ile. Taifa lilihesabu kadiri miili ilivyoopolewa.

Kati ya misiba hiyo miwili ipo miaka 22 na zipo sheria kadhaa nzuri. Sheria inayosema chombo kibebe watu 101 haina mikono ya kumshusha mtu wa 102. Inahitaji mkaguzi, inahitaji nahodha mwenye kuheshimu cheti chake, na inahitaji abiria anayejua kuhesabu. Kwa hiyo tunawaomba mzingatie haya kila mnaposafiri majini:

1. Dai tiketi kabla ya kupanda, iandikwe jina lako kamili. Jina la utani halitamsaidia ndugu yako siku ya kukutafuta. Mtoto naye aandikwe, hata kama halipiwi nauli.

2. Uliza idadi ya abiria inayoruhusiwa. Kila chombo kilichokaguliwa kina cheti kinachotaja idadi hiyo. Una haki ya kuijua kabla ya kutoa fedha yako.

3. Vaa jaketi la kuokolea maisha tangu mwanzo wa safari. Jaketi lililofungiwa stoo au kuwekwa chini ya mizigo halimfai mtu chombo kinapopinduka, kwa kuwa chombo hupinduka kwa dakika chache.

4. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka. Ukiwa bado gatini, au mwaloni kwenye mitumbwi na boti ndogo, toa taarifa kwa msimamizi wa mahali hapo, kwa Polisi kwa namba 112, au kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Tunafahamu majibu yanayotolewa mwaloni. Mama mwenye mgonjwa huambiwa, "Kama huwezi kubanana, subiri cha kesho." Mwenye ndoo za dagaa anajua kwamba kesho bei itakuwa imeshuka. Hatusemi kwamba kushuka ni jambo jepesi. Tunachosema ni kwamba hata aliyelazimika kupanda anaweza kuandika: jina la chombo, tarehe, saa, mahali kilipotokea na kilipokuwa kinakwenda, na idadi ya watu kadiri alivyowahesabu. Abiria kumi wakiandika hivyo katika siku kumi tofauti, mdhibiti anapata ushahidi wa kuchukulia hatua, na Mbunge anapata hoja ya kuomba chombo cha pili katika njia hiyo.

Samaki aliyefika mezani

Kwa mujibu wa kanuni za uvuvi, hairuhusiwi kuvua wala kuuza sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50, wala sato aliye chini ya sentimita 25. Sababu yake inaeleweka kwa kila mfugaji: anayechinja mitamba yote hatapata ndama. Samaki anayevuliwa kabla ya kuzaliana hupunguza samaki wa miaka ijayo, na anayelipa gharama ya upungufu huo ni mnunuzi wa sokoni. Kwa sababu hiyohiyo zana kama kokoro na nyavu za makila zimepigwa marufuku. Uvuvi wa kutumia sumu umekatazwa kwa sababu nyingine pia, kwamba sumu hiyo inaweza kufika katika sahani ya mlaji.

Upo mfano unaoonyesha jinsi sheria hii inavyomfuata samaki hadi mezani. Mwezi Juni 2018 maofisa wa uvuvi waliingia katika mgahawa wa Bunge jijini Dodoma wakiwa na rula, wakawapima samaki waliokuwa wakiuzwa humo. Ikaonekana kwamba baadhi yao hawakufikia kipimo, na mtoa huduma akatozwa faini ya shilingi 300,000. Jambo hilo lilizua mjadala mkali bungeni. Watunga sheria walijikuta katika nafasi ya mlaji wa kawaida: mtu aliyeagiza chakula kwa nia njema, bila kujua samaki wake alivuliwa wapi na akiwa na urefu gani.

Mwaka huohuo ilikuwa ikiendelea Operesheni Sangara dhidi ya uvuvi haramu. Wabunge wa Kanda ya Ziwa walisimama kueleza malalamiko ya wavuvi kuhusu faini na kuchomwa kwa nyavu, na Wizara ilisimama kueleza hatari ya samaki kutoweka. Mvuvi alikuwa na msemaji, na Serikali ilikuwa na msemaji. Hatuna budi kujiuliza: mama anayenunua sato wa kitoweo hapa Buhongwa alisemewa na nani? Yeye ndiye anayetaka mambo mawili kwa pamoja, samaki wa bei anayoimudu leo na samaki atakayekuwapo wanawe watakapokuwa wazazi. Mtazamo huo haupatikani kwa mvuvi wala kwa ofisa. Unapatikana kwake tu, na yeye ndiye anayepaswa kuusema.

Mnunuzi anaweza kujilinda bila vifaa vya gharama. Kata kamba nyembamba yenye urefu wa sentimita 50 na uipige fundo katikati, penye sentimita 25. Ukienda kununua, nyoosha kamba kuanzia ncha ya mdomo wa samaki hadi mwisho wa mkia. Fundo litakuonyesha kipimo cha sato, na kamba nzima kipimo cha sangara. Mtazame samaki macho: yawe maangavu na yaliyojaa. Fungua mashavu: yawe mekundu. Mbonyeze kwa kidole: nyama irudi mahali pake. Dagaa wachague waliokaushwa juu ya chanja, kwani walioanikwa chini huja na mchanga.

Kuhusu mizani, angalia kama ina alama ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo, na hakikisha mshale uko kwenye sifuri kabla samaki hajawekwa. Tunajua muuzaji wa beseni hana mashine ya risiti. Lakini anayenunua kwa wingi, kama mwenye mgahawa au anayechukua magunia ya dagaa pale Kirumba Mwaloni, asiondoke bila karatasi yenye jina la muuzaji, uzito, bei na tarehe. Siku ofisa atakapouliza samaki hao walitoka wapi, karatasi hiyo itajibu kwa niaba yake.

Nyama ya porini

Kwa nyama ya porini tutasema kwa ufupi, kwa sababu sheria yake haina kona nyingi. Mnyamapori ni mali ya umma. Uwindaji unahitaji leseni, na nyama, ngozi au pembe ya mnyamapori ni nyara ya Serikali. Mtu akikutwa nayo bila kibali anashitakiwa, awe ndiye aliyewinda au ndiye aliyenunua kipande cha kupikia watoto.

Mwaka 2020 zilitungwa kanuni za uuzaji wa nyama ya wanyamapori, zilizoruhusu bucha zenye leseni kuiuza kwa utaratibu. Kwa hiyo mwananchi anayeitamani anayo njia halali. Anunue kwenye bucha iliyosajiliwa, na aitunze risiti mpaka nyama iishe. Nyama inayopitishwa mlango kwa mlango usiku, hata ikiwa ya bei ndogo, haijapimwa na daktari wa mifugo. Kimeta, ugonjwa unaoua mifugo na wanyamapori, humwambukiza binadamu anayechuna au kula mzoga wenye ugonjwa. Kwa nyama hii mnunuzi asiye na risiti anahatarisha afya yake na uhuru wake kwa pamoja.

Sheria hupitiwaje, nawe unaingilia wapi

Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara ya 27 inamtaka kila mtu kulinda maliasili ya nchi. Ibara hizi mbili zikisomwa pamoja zinaonyesha kwamba mwananchi ana wajibu kwa ziwa, na ana wawakilishi wa kuwapelekea hoja zake.

Muswada wa sheria huchapishwa katika Gazeti la Serikali, kisha husomwa bungeni kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo hupelekwa katika kamati ya Bunge inayohusika, na kamati hualika wadau kutoa maoni. Ukirudi bungeni husomwa kwa mara ya pili na kujadiliwa, hupitiwa kifungu kwa kifungu katika Kamati ya Bunge Zima, husomwa kwa mara ya tatu, na hatimaye hupelekwa kwa Rais ili apate kuuridhia. Kanuni nazo haziko nje ya macho ya Bunge, kwani ipo Kamati ya Sheria Ndogo yenye kazi ya kuzichambua.

Katika safari hiyo yote, hatua ya kamati ndiyo iliyo karibu zaidi na mtu wa kawaida. Maoni huweza kupelekwa kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, au kupitia kwa Mbunge wako. Asitokee mtu wa kukuambia kwamba sheria ni lugha ya wanasheria peke yao. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Unachokisema sokoni unaweza kukiandika vilevile, na kikasomwa.

Maoni yenye nguvu yana mambo matano: wewe ni nani, nini kilitokea, lini na wapi, una ushahidi gani, na unapendekeza nini. Maoni yanayosema "usafiri wa visiwani ni mbaya" ni ya kweli, lakini hayampi Mbunge kitu cha kushika. Linganisha na mfano huu:

"Mimi ni mkazi wa Buhongwa na mfanyabiashara wa dagaa. Husafiri kwenda kisiwani mara mbili kwa mwezi. Katika safari sita zilizopita nilipewa tiketi mara mbili tu. Nimeambatisha nakala za tiketi hizo na tarehe za safari zote. Napendekeza kanuni itamke kwamba chombo kisiondoke mpaka nakala ya orodha ya majina iachwe kwa msimamizi wa mwalo."

Mistari hiyo michache ina tatizo, ushahidi na suluhisho. Nakala inayoachwa nchi kavu haiwezi kuzama pamoja na chombo. Pendekezo la namna hiyo linaweza kutoka kwa mtu yeyote aliyeketi hapa.

Lalamiko la kawaida lina njia yake fupi. Anza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Asipokujibu au usiporidhika, lipeleke kwa mdhibiti wa huduma hiyo. Pale mdhibiti anapoitisha mkutano wa wadau kuhusu nauli au kanuni mpya, hudhuria. Viti vya mikutano hiyo mara nyingi huwa na wamiliki wa vyombo na wafanyabiashara wakubwa, na hilo si kosa lao: wao walikuja. Kwa mambo ya ushuru wa soko na sheria ndogo za Jiji, pa kuanzia ni mkutano wa mtaa wako na ofisi ya Diwani.

Hitimisho

Ndugu zetu wa Buhongwa, hatukuja kuwaahidi kwamba kila barua itabadilisha sheria. Tumekuja kuwaeleza jinsi sheria inavyosikia. Inasikia kwa karatasi. Mwaka 1996 abiria wa daraja la tatu hawakuwa na karatasi, na taifa halikuweza kuwataja wote kwa majina. Tiketi, risiti na lalamiko lililoandikwa ni vitu vidogo, vinakaa katika pochi ya kitambaa au ndani ya kifuniko cha simu. Kwa vitu hivyo mlaji huhesabiwa, na aliyehesabiwa ni vigumu kusahauliwa wakati wa kugawa vyombo, kupanga nauli na kutunga kanuni.

Tunawaomba kila mmoja, kabla ya safari yake ijayo ya majini, amfundishe mtu mmoja nyumbani kudai tiketi yenye jina. Wazee wakiwafundisha wajukuu, na wajukuu wakiwasomea wazee, tutakuwa tumeanza vizuri.

Sasa tunakaribisha maswali.